Namna ya Kuonja na Kulinganisha Bia: za Viwanda Vidogo, za Kienyeji na za Kutengenezwa Nyumbani

Watu wanaoanza kuonja bia kwa makini huuliza maswali yaleyale: nianze na ipi, iwe baridi kiasi gani, nitajuaje kama uchachu huu ni wa makusudi au bia imeharibika, na laga nyepesi, ile bia angavu ya chupa iliyozoeleka, italinganishwaje na pombe ya mtama iliyo nzito kama uji? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa vitendo. Kwa maoni yangu, ulinganisho huharibika kwa njia kuu mbili: mwonjaji anapojua kilichomo kwenye glasi, na bia moja inapohukumiwa kwa kipimo cha bia nyingine. Sehemu kubwa ya hatua zilizo hapa chini zinalenga kuziba mianya hiyo.

Jambo la kutangulia kulielewa ni umri wa kinywaji. Bia ya kiwanda kidogo kwa kawaida imekwisha kuchacha, imepozwa na kufungwa, hivyo hubadilika polepole. Bia iliyotengenezwa nyumbani na kupata gesi yake ndani ya chupa huwa bado na hamira hai chini. Pombe ya kienyeji ya nafaka, kama zilivyo busaa na nyinginezo za mtama, ulezi au mahindi, hunywewa ikiwa bado inachacha, na ya leo si ya kesho kutwa. Asiyeandika umri wa kila sampuli anaweza kudhani amelinganisha ustadi wa watengenezaji wawili, kumbe amelinganisha tarehe.

Vinavyohitajika

- Glasi safi zisizo na rangi, zenye umbo moja, ikiwezekana zilizobana kidogo mdomoni. Kila mwonjaji apate glasi yake kwa kila sampuli.
- Kipimajoto cha jikoni.
- Maji ya kunywa yasiyo na harufu ya klorini, na mkate mkavu usio na chumvi nyingi wa kusafishia kinywa.
- Karatasi na kalamu kwa kila mtu.
- Chombo cha kumwagia mabaki.
- Mtu mmoja wa kumimina, yaani mminaji, ambaye hataonja katika duru hiyo.
- Chumba chenye mwanga wa kutosha na kisicho na harufu za jikoni, sigara wala manukato. Mwonjaji aliyejipulizia marashi huharibu zoezi la meza nzima.

Sampuli sita za mililita 80 kila moja zinafikia mililita 480, yaani karibu nusu lita. Kwa bia yenye kilevi cha asilimia 5, hiyo ni takriban mililita 24 za alkoholi tupu. Kwa bia ya asilimia 8 ni mililita 38. Kwa hiyo sita zitoshe kwa kikao kimoja, na hakuna mwonjaji atakayeendesha chombo cha moto baadaye. Mjamzito, aliye chini ya umri wa kisheria na anayetumia dawa zisizopatana na pombe wasishiriki kuonja, ingawa yeyote kati ya watu wazima hao anaweza kuwa mminaji bora.

Onyo moja halina mjadala. Mwongozo huu unahusu vinywaji vilivyochachushwa tu, si pombe kali za kukeneka. Uchachushaji wa nafaka peke yake hutoa methanoli kidogo mno, lakini pombe iliyokenekwa kiholela au iliyoongezewa spiriti ya viwandani inaweza kupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kukuonya. Vilevile usionje pombe iliyotengenezwa kwa nafaka yenye kuvu: sumukuvu haiondolewi kwa kuchemsha, nayo haina ladha ya kuitambulisha. Usipojua pombe imetoka wapi na imetengenezwa kwa nini, iache.

Hatua kwa hatua

1. Chagua bia zenye swali moja. Kabla ya kununua au kufungua chochote, andika sentensi moja inayosema unataka kujua nini. "Ni ipi kati ya stauti hizi tatu iliyo kavu zaidi?" ni swali linalojibika (stauti ni bia nyeusi, na kavu maana yake isiyo na utamu). "Ipi nzuri?" halijibiki. Bia za mtindo mmoja zilinganishwe ana kwa ana. Za mitindo tofauti zionjwe katika kikao kimoja ukipenda, lakini kila moja ipimwe kwa lengo lake. Ukungu, yaani bia kutokuwa angavu, ni kasoro katika pilsna (aina ya laga), ni kawaida katika bia ya ngano ya Kijerumani, na katika pombe ya mtama hata hauhesabiki kuwa ukungu, kwa sababu unga uliomo ni sehemu ya kinywaji chenyewe.

2. Kusanya taarifa za kila sampuli na umkabidhi mminaji peke yake. Aandike aina, tarehe ya kutengenezwa au kufungwa, mahali ilipohifadhiwa na kiwango cha kilevi. Kwa bia ya nyumbani, kilevi hukadiriwa kwa haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa kioevu kikilinganishwa na maji, kabla na baada ya kuchacha: toa kipimo cha mwisho kwenye kipimo cha mwanzo, kisha zidisha kwa 131.25. Iliyoanza na 1.050 na kuishia 1.010 ina takriban asilimia 5.25. Taarifa hizi zisisomwe mezani hadi alama zote zimekwisha kuandikwa.

3. Osha glasi kwa uangalifu kuliko unavyodhani inahitajika. Mafuta na mabaki ya sabuni huua povu, na kitambaa cha kukaushia huacha harufu. Suuza kwa maji mengi, ziache zijikaushe zenyewe zikiwa zimeinamishwa, na usizipange kabatini penye harufu ya viungo. Viputo vikiganda kwenye kuta za ndani badala ya kupanda juu, glasi hiyo ni chafu, hata kama inang'aa.

4. Rekebisha joto. Laga nyepesi hufaa kati ya nyuzi 4 na 7 za Selsiasi, eli (bia zinazochachushwa kwenye joto la juu kuliko laga) na bia za ngano kati ya 7 na 10, stauti nzito na bia kali kati ya 10 na 13. Bia zinazolinganishwa ana kwa ana ziwe na joto moja, na tofauti isizidi nyuzi mbili. Kosa linalorudiwa na wengi ni kuonja bia iliyotoka kwenye barafu: baridi kali huficha harufu, nzuri na mbaya pia, na ndiyo maana bia dhaifu hupendeza ikiwa baridi sana. Pombe ya kienyeji inayonywewa bila kupozwa ionjwe hivyohivyo.

5. Zipe sampuli namba za siri. Mminaji aandike namba za tarakimu tatu zisizo na mpangilio, kama 417, 286 na 935. Usitumie A, B, C wala 1, 2, 3, kwa kuwa watu huipendelea ya kwanza bila kujijua. Chupa zibaki chumba kingine. Ikiwa rangi peke yake inafichua siri, tumia vikombe visivyopenyesha mwanga na uitathmini sura ya bia mwishoni.

6. Panga mfuatano. Nyepesi itangulie nzito, yenye uchungu kidogo itangulie yenye uchungu mwingi, kilevi kidogo kitangulie kikubwa. Zenye uchachu mkali, zenye ladha ya moshi na zilizotiwa matunda au viungo ziwekwe mwishoni, kwa sababu baada yake ulimi hauamini tena vitu vya upole. Kwa bia za mtindo mmoja, kila mwonjaji apewe mfuatano wake, ili hasara ya kuwa ya mwisho isiiangukie bia moja kila mara.

7. Mimina kwa namna inayostahili bia hiyo. Inamisha glasi, anza polepole, kisha isimamishe na kumalizia katikati ili povu lipatikane. Bia ya chupa yenye mashapo iachwe ikiwa wima kwenye jokofu kwa siku moja au zaidi, imiminwe kwa mkono mmoja usiotikisika, na sentimita moja ya chini ibaki chupani. Bia ya ngano ya Kijerumani hufanywa kinyume: mashapo yake huzungushwa na kumiminwa pia. Pombe nzito ya nafaka ikorogwe vizuri kabla ya kila mmimino. Usipofanya hivyo, wa kwanza atapata maji na wa mwisho atapata machicha, na watabishana juu ya vinywaji viwili.

8. Nusa kabla ya kutazama kwa muda mrefu. Vitabu vingi huanza na macho. Mimi huanza na pua, kwa sababu harufu nyepesi huondoka katika dakika ya kwanza ilhali rangi haiendi popote. Pitisha glasi chini ya pua bila kuitikisa na uandike neno la kwanza linalokujia. Kisha funika glasi kwa kiganja, izungushe taratibu, ifunue na uvute pumzi fupi mbili au tatu. Pumzi ndefu moja huichosha pua bila faida. Jiulize kwa mpangilio: kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kinanukia mkate, biskuti, karameli au kahawa? Hopsi (maua ya mmea unaoipa bia uchungu na harufu) zinanukia majani, ganda la chungwa, maua au utomvu wa msonobari? Hamira imetoa ndizi mbivu, karafuu, pilipili manga, au imenyamaza? Mwisho, kuna kitu kisichotakiwa kuwapo?

   Usitafute maneno ya kitaalamu. "Kama daftari jipya" ni maelezo mazuri kuliko "changamano", kwa sababu wiki ijayo utakumbuka daftari jipya linanukiaje.

9. Tazama. Andika rangi dhidi ya karatasi nyeupe, uangavu, na povu: lina rangi gani, viputo vyake ni vidogo au vikubwa, lilidumu dakika ngapi. Hapa pasikuchukulie muda.

10. Onja mara mbili. Funda la kwanza huondoa ladha ya maji na mkate, usiliandikie chochote. Katika funda la pili, sambaza bia mdomoni kote, meza kidogo, kisha toa pumzi puani mdomo ukiwa umefungwa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutokea nyuma ya koo, na ndiyo maana mwenye mafua hapaswi kuonja. Fuatilia utamu, uchachu na uchungu, kisha kinachobaki baada ya kumeza: uchungu wa hopsi huchelewa kufika na hukawia kuondoka. Utofautishe uchungu na ukakasi. Uchungu huonjwa, lakini ukakasi ni ule mkauko wa mashavu na ufizi unaoupata ukitafuna ganda la ndizi mbichi, na katika bia ya nyumbani mara nyingi hutokana na maganda ya nafaka kusuuzwa kwa maji yenye joto kupita kiasi. Mwisho, pima uzito mdomoni na wingi wa gesi.

11. Andika kabla ya kusema. Ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu, ningebakiza hii. Niliwahi kukaa mezani na watu wanne, mimi wa tano, tukionja eli ya nyumbani. Mmoja, mwenye sauti ya kujiamini, alinusa na kusema "siagi" kabla mwingine hajagusa kalamu. Karatasi zote tano zilikuja na neno siagi, na yangu ilikuwamo. Mminaji alipotupatia bia ileile chini ya namba nyingine, saa moja baadaye, tukiwa kimya, siagi iliandikwa na mtu mmoja tu. Tangu siku hiyo mezani kwangu hapasemwi neno hadi kalamu ya mwisho ilazwe, na nyuso za kukunja hazikaribishwi pia.

12. Toa alama, ukihitaji. Kipimo kinachotumiwa sana na waamuzi wa bia za nyumbani ni cha BJCP, programu ya kuthibitisha waamuzi iliyoanza Marekani mwaka 1985. Kina alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Ukiona sura imepewa alama tatu tu, utaelewa kwa nini niliiharakisha. Kipimo hicho huilinganisha bia na maelezo ya mtindo wake, kwa hiyo 38 ya laga na 38 ya bia chachu hazisemi kwamba bia hizo zinafanana kwa uzuri. Zinasema kila moja imekaribia lengo lake kwa kiasi kilekile.

13. Hakikisha kwamba tofauti ipo kweli. Mara nyingi mtengenezaji wa nyumbani hubadilisha hamira au joto la kuchachushia na kuona "tofauti kubwa". Mpe kila mwonjaji glasi tatu, mbili za bia moja na moja ya nyingine, aiteue iliyo tofauti. Anayebahatisha hupata mara moja kati ya tatu. Kwa waonjaji 6 inatakiwa 5 wapatie ili uamini kwamba si bahati tu. Kwa waonjaji 12 wanatosha 8. Asiyeweza kuitenga glasi tofauti asiulizwe ipi ni bora.

Kuhusu pombe za kienyeji

Makosa makubwa zaidi huonekana hapa, kwa sababu mwonjaji aliyezoea bia ya chupa huja na orodha yake ya kasoro na kuikuta yote kwenye kibuyu kimoja: ukungu, uchachu, gesi kidogo, hakuna hopsi. Hopsi ni njia mojawapo tu ya kuleta uchungu na kuhifadhi bia. Mbege ya Wachaga, inayotengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, hupata uchungu wake kwenye magome ya msesewe. Tella ya Ethiopia hutiwa gesho, mmea mchungu, na sahti ya Ufini hupitishwa kwenye matawi ya mreteni. Lambic ya Ubelgiji hutiwa hopsi, lakini zilizokaa muda mrefu hadi zikapoteza uchungu wake, nayo huachiwa vijidudu vya hewani viichachushe. Uchachu wake ni wa kukusudiwa, sawa na ule wa pombe ya mtama.

Badala ya kuuliza kama ni chachu, uliza ni uchachu gani. Wa maziwa lala ni laini na husafisha kinywa, na ndio unaotarajiwa kwenye pombe nyingi za nafaka. Wa siki huchoma koo na kupanda puani, na kwa kawaida unaonyesha kwamba hewa imeingia au siku zimepita. Kisha pima kama ladha ya nafaka bado ipo nyuma ya uchachu, kama unga ni mlaini au una chenga, na kama utamu wa kimea umesawazishwa na uchungu au umeachwa peke yake. Ikiwezekana, onja pombe ileile siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukiandika saa. Maelezo yangu ya pombe moja ya mtama yalikuwa hivi: siku ya kwanza, "tamu, uji wa kimea, gesi haipo", siku ya pili, "maziwa lala, ganda la limau, inachemka ulimini", siku ya tatu, "siki inaanza, unga umejitenga". Ningeonja siku ya tatu pekee, ningeandika kwamba mtengenezaji hajui kazi.

Mambo yakienda kombo

*Sampuli zote zinanukia sawa.* Pua imechoka. Nusa mgongo wa mkono wako au shati lako, kunywa maji, pumzika dakika tano. Hali ikibaki hivyo baada ya sampuli ya sita, funga kikao.

*Chupa ya nyumbani inafurika ikifunguliwa.* Sukari iliyotiwa ili kuleta gesi chupani ilizidi, bia ilifungwa kabla haijamaliza kuchacha, au imeingiliwa na vijidudu. Chupa nyingine za mkupuo huo zinaweza kupasuka. Zipoze sana, zifunike kwa taulo nzito, vaa glavu na kinga ya macho, uzifungue juu ya beseni.

*Kuna harufu ya kicheche.* Mwanga umeipiga bia kupitia chupa ya kijani au isiyo na rangi, na kuzivunja dutu za hopsi. Ukitaka kuijua harufu hiyo, mimina bia moja nyepesi yenye hopsi katika glasi mbili, iache moja juani dakika ishirini na nyingine kabatini, kisha zinuse.

*Mahindi ya kuchemsha au kabichi.* Hutokea zaidi kwenye laga, hasa ikiwa sufuria ilifunikwa wakati wa kuchemsha na mvuke ukakosa pa kutokea.

*Boksi lililolowa.* Bia imezeeka au imepata hewa wakati wa kufungwa. Haina tiba.

*Plasta ya hospitali.* Mara nyingi ni klorini ya maji au ya dawa ya kusafishia vyombo. Karafuu isiyotarajiwa huelekeza kwenye hamira ya mwituni, lakini katika bia ya ngano ya Kijerumani karafuu ndiyo inayotafutwa.

*Tufaha bichi.* Bia imetolewa changa. Iache juu ya hamira yake siku kadhaa zaidi.

*Wengine wanaona siagi, wengine hawaoni.* Watu hutofautiana sana katika kuihisi harufu hii, na wapo wasioihisi kabisa, kwa hiyo usitafute wastani wa maoni yao. Ikiwa bia ni yako na haijafungwa, chukua sampuli mbili kwenye vyombo vyenye mfuniko. Kimoja kiweke ndani ya maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika ishirini, kingine kiache kama kilivyo, kisha vyote viwili vifikishe joto moja na uvinuse. Siagi ikitokea kwenye kilichopashwa pekee, malighafi ya harufu hiyo bado imo na bia haijawa tayari. Ipe siku mbili au tatu kwenye nyuzi 18 hadi 20 juu ya hamira, urudie jaribio kabla ya kuifunga.